Mikate Niliyoificha Kidakani

Zubeda hakuniambia kwenye simu kwamba mama yake amefariki. Alisema tu, "Bwana Afisa, arobaini ni Ijumaa ya wiki ijayo, na mama aliusia uje." Alipokata, nilikaa na simu mkononi nikijiuliza kwa nini hakuanza na habari ya kifo kama watu wote wafanyavyo. Je, alidhani nimeshasikia nikanyamaza? Na hilo neno "aliusia" lilikuwa na nini ndani yake? Mtu haachi wasia kwamba fulani aje kula hitima yake. Au huacha? Umri wangu ungetosha kunipa utulivu, lakini bado neno moja la mtu hunikalisha hadi chai ipoe. Na Bi Mwanaesha, mama yake Zubeda, hakuwa mtu yeyote tu. Niliishi mwaka mmoja nyumbani kwake, mji wa Pate, na katika mwaka huo, kwa sababu ya tumbo langu na mawazo yangu, nilikaribia kumfanya aitwe mchawi na mji mzima.

Nilipelekwa Pate katikati ya miaka ya sitini, nikitokea chuo kikuu na suruali mbili ambazo hazikufunga vizuri kiunoni. Kazi yangu ilikuwa kusimamia madarasa ya kisomo cha watu wazima, nayo ilikuwa ya majaribio kwa mwaka mmoja. Kabla sijaondoka Mombasa, daktari wa serikali alinipandisha mizani, akanipima shinikizo la damu, akaandika maelezo marefu kuliko nilivyopenda, kisha akasema bila kuinua macho, "Ratili mia mbili na kumi kwa kijana wa miaka ishirini na minne. Rudi baada ya mwaka ukiwa umepunguza thelathini, la sivyo sitatia sahihi." Njia nzima nilijiuliza kama husema vivyo hivyo kwa kila mtu, au kuna mtu ofisini aliyemwomba anitafutie kasoro. Sikupata jibu, lakini nilinunua daftari. Nilipiga mistari kwa rula, safu hii uzito, safu ile mapande ya mkate, safu nyingine vijiko vya sukari, na nilipofika Mtangawanda na kuteremka botini nikiwa nimekumbatia mkoba wangu, daftari lile ndilo nililoogopa lisilowe kuliko vyeti vyangu vya shahada.

Chumba alichonipa Bi Mwanaesha kilikuwa kirefu na chembamba, na kuta zake za mawe zilikuwa nene kiasi cha kumeza sauti ya mtu aliyesimama mlangoni. Ukuta wa mwisho ulikuwa na vidaka, yaani vile vishimo vya mraba ambavyo watu wa zamani waliviacha ukutani wawekemo vyombo vyao. Dirisha dogo lilitazama uani, alipokuwa na tanuri lake la udongo. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, huyu Zubeda, aliyekuwa na miaka kumi na minne hivi, na riziki yake ilikuwa mikate ya mofa. Alikanda unga wa mtama, akaubandika ndani ya tanuri, na kabla haujakauka aliubonyeza kwa vidole vitatu, akauachia alama yake. Watu walikuja mlangoni asubuhi na mapema. Mtu akipewa mkate popote Pate, hakuuliza umetoka kwa nani. Aligeuza tu aone vile vidole vitatu.

Wiki ya kwanza nilijaribu kukimbia. Nilitoka alfajiri na viatu vya raba kuelekea Mtangawanda. Nilisahau kwamba zile zilikuwa siku za hofu ya mashifta, wale waasi wenye bunduki, na mtu aliyekimbia kwenye njia ile alikuwa na habari mbaya au ndiye habari mbaya yenyewe. Wanaume wawili walitoka na mapanga. Mmoja akauliza, "Wako wapi?" Nikasema hakuna mtu, nafanya mazoezi. Wakatazamana. "Mazoezi ya kukimbia nani?" Tangu siku hiyo nilitembea, tena polepole, nikiogopa kila mlango uliofunguka.

Ikabaki njia ya chakula, na hapo ndipo vita vilipoanza, ingawa nilikuwa askari peke yangu. Nilimwomba Bi Mwanaesha apunguze tui kwenye wali. Akaitikia, "Haya, mwanangu," kwa upole ulionitia shaka papo hapo. Mchana nikikaa chumbani nilimsikiza akikuna nazi uani, nikahesabu mara ngapi kifuu kinagonga mbuzi, na ulimi wangu ulipoonja wali niliapa kwamba lile si tui la pili. Niliporudisha sinia likiwa nusu, alisimama mlangoni nalo, hakuingia wala hakutoka.

"Chakula kimekushinda, Bwana Afisa?"

"Nimeshiba, Bi."

"Umeshibaye, na sinia naliona?" Akaliinua kidogo nilione. "Kwetu mgeni akikonda, hakondi yeye. Lakonda jina la mwenye nyumba."

Kesho yake sinia lilikuwa kubwa zaidi, na kando yake mikate minne ya mofa iliyopakwa samli. Mtu mwingine angecheka, au angemweleza mama yule habari ya daktari. Mimi niliona aibu. Kusema kwamba serikali imenipima ikaniona mzigo, tena kumwambia mwanamke aliyekuwa akinipikia, kulinishinda kabisa. Isitoshe, nilianza kuamini kwamba ananinenepesha kwa makusudi. Kwa makusudi gani, sikujua. Nilikuwa na dhana tatu, na kila usiku ya nne ilibisha hodi.

Basi nikaanza kuficha. Wali nilikula nusu, nikachota uliobaki kidogo kidogo nikawapa paka kupitia dirishani. Lakini paka hawakuigusa mikate, na baharini nisingeweza kuitupa bila macho ya watu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na magofu ya mji wa kale, ambamo watu walilima tumbaku baina ya kuta zilizoanguka. Nilipata chumba kisicho na paa, ukuta wake mmoja ukiwa umesimama na vidaka vyake vizima. Nilichana kurasa za daftari zilizokwisha kujaa, kwa kuwa sikutaka mtu azione nazo, nikafunga mikate ndani yake, nikakaza kwa uzi wa katani ili harufu isitoke, nikasukuma kifurushi hadi ndani kabisa ya kidaka. Nilirudi nikitembea wima kama mtu aliyetoka kuoga. Nilijisifu kwamba nimepoteza vielelezo viwili kwa pamoja.

Sinia likarudi jikoni jeupe kila siku, na mimi nikakonda. Siku moja niliwasikia uani, yeye na jirani yake, wakichambua mchele.

"Mwanaesha, mgeni wako yuwakonda. Mato yameingia ndani."

"Yuwala. Sahani yarudi tupu."

"Basi aliacho chaenda wapi?"

Zubeda akasema, "Labda ana minyoo," na yule jirani akacheka. Sikumsikia Bi Mwanaesha akicheka. Mimi, nyuma ya ukuta, nilifungua daftari nikaandika, kwa furaha, *macho yameingia ndani*. Leo nikiwaza, naona kwamba sote wawili tulilisikia neno moja, kukonda, na lilelile lililokuwa cheti changu lilikuwa msiba wake.

Ramadhani ilipoingia nilifunga pamoja nao, ingawa sikuwa Mwislamu. Alifurahi, nikaona anavyojizuia asiniulize kama nimeanza kuielekea dini. Aliniuliza jambo moja tu, tukingoja adhana: "Nia umeiweka?" Nikasema ndiyo. "Vyema. Kufunga bila nia ni ndaa tu." Nikatazama chini. Nia yangu ilikuwa tundu la tatu la mkanda.

Kila Jumamosi nilitembea hadi Mtangawanda kujipima. Bwana Shee alikuwa na ghala pale gatini, akinunua mbata, zile nazi zilizokaushwa kwa ajili ya mafuta, na alikuwa na mizani ya kusimama juu yake. Alikuwa mzee mfupi mwenye mzaha usioonekana usoni.

"Mbata hukaushwa na jua," aliniambia. "Wewe wakaushwa na nini?"

"Kazi, Bwana Shee."

"Kazi ya alifu na be? Basi mwalimu wetu wa chuo cha Kurani angekuwa uzi."

Mwezi wa tano wa kukaa kwangu mizani yake ilisema mia moja na themanini. Ndiyo hesabu ya daktari hasa. Nilipaswa kurudi nyumbani nikamwambie Bi Mwanaesha anipakulie. Badala yake nilisimama pale juu ya chuma nikiwaza: huyu ni mnunuzi. Mnunuzi ana faida gani mizani yake ikisema kweli? Bila shaka huonyesha pungufu ili mbata ya watu ionekane nyepesi. Basi na mimi nimeonyeshwa pungufu. Nilimwomba anipime tena, nikamtazama vidole. Njiani niliamua kuongeza kumi na tano. Tangu siku hiyo niliandika safu mbili, uzito wa Bwana Shee na uzito nilioita wa kweli, mia na themanini kwa mia na tisini na tano, na kadiri safu ya kwanza ilivyoshuka, ya pili ilinicheka kutoka juu. Nilikonda hadi mia na sitini na nane nikiamini bado nimezidi. Akili iliyokwisha kuzoea kudhani haina mahali pa kuweka habari njema. Sijui kama naandika juu ya kijana yule au juu yangu mimi wa leo.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu nirudi kwa daktari. Nilifika ghalani Jumamosi, Bwana Shee akasema, "Yeo sikupimi." Akavuta kikapu kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na vifurushi kumi na kimoja, vile vya karibuni; vya mwanzo panya walikwisha kuvimaliza. Mkulima mmoja wa tumbaku alikuwa akisafisha shamba lake, akaona uzi ukining'inia kidakani, akavitoa vyote akamletea yeye. Bwana Shee alifungua kimoja akakilaza mezani: mikate iliyokauka kama vigae, vidole vitatu wazi juu ya kila mmoja, na karatasi yenye mistari ya mraba, ndani ya kila mraba tarakimu, na pembeni herufi za kwanza za jina langu.

"Wayajua maandishi haya?"

Nilijua anachokiona. Kule, karatasi ya miraba yenye tarakimu, iliyofungwa kwa uzi na kufichwa gofuni, si hesabu. Ni hirizi. Mkate wa mwanamke fulani, jina la mwanamume fulani, na mwanamume mwenyewe yuwakonda mbele ya watu. Ningesema neno moja na yote yangekwisha palepale. Nikasema, "Siyajui."

Asubuhi iliyofuata nilisikia ukimya mlangoni. Tanuri liliwashwa, mikate ikapangwa kwenye ungo na kufunikwa kawa, lakini hakuna aliyebisha. Adhuhuri ungo ulikuwa bado umejaa. Bi Mwanaesha aliniletea sinia kama kawaida, akaliweka, akaondoka bila kunitazama. Nililitazama sinia lile muda mrefu. Na nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu: mimi niliyeipiga mistari ile kwa rula yangu, niliyezikaza nyuzi zile kwa meno yangu, nilijiuliza kwa nukta kadhaa kama kweli hakunifanyia kitu. Maana kwa nini nimekonda kiasi hiki? Hapo ndipo nilipojiogopa.

Jumatano Zubeda alinizuia kwenye daka, ule ukumbi wa mlangoni, macho yamemvimba. "Ijumaa wataka mama aapishwe mbele ya mwalimu wa chuo," akasema. "Kwamba si yeye."

"Si ataapa, yaishe?"

"Bwana Afisa, mwenye kuapishwa ameshaitwa mchawi. Hata akiapa kweli, nani atakula mkate wake?"

Siku mbili nilizunguka chumba kile. Nikikiri, nitachekwa, na Bwana Shee atajua nilimdhania mwizi. Madarasa yangu yatakufa, ripoti itaandikwa. Na ili mji uamini kwamba chakula cha mama huyu hakina neno, haitatosha kusema. Itabidi nile, hadharani, siku baada ya siku, hadi nionekane nimenawiri, na daktari ananingoja na kalamu yake. Nilijaribu kutafuta njia ya tatu. Safari hii akili yangu, iliyokuwa na dhana kwa kila kitu, haikuwa na hata moja.

Ijumaa, kabla watu hawajatoka msikitini, niliingia uani. Alikuwa amekaa mbele ya tanuri lisilo na moto, amevaa nguo safi, tayari kwenda kuapa.

"Bi, nipe mkate."

"Wa kula au wa kuzika?"

Sikuuliza alijuaje. Alinipa minne ya asubuhi na kibakuli cha samaki wa kupaka, tui lake zito, wala hakujisumbua kulikana. Nilitoka nikaketi barazani kwake, juu ya jiwe, mahali ambapo kila anayetoka msikitini angepita. Wakaja. Bwana Shee alikuwa mbele na kikapu chake. Nilimwomba karatasi moja, nikaisoma kwa sauti, tarehe na yote.

"Mia na sabini na nne ni uzito wangu, kwa ratili. Nne hii ni mikate niliyopewa. Sufuri hii ni mikate niliyokula. Iliyobaki niliificha mimi. Daktari aliniambia nipungue, nikaona haya kusema. Bi Mwanaesha hana kosa."

Kisha mtu nyuma akasema, "Hirizi ya tumbo," na wachache wakacheka, lakini Bwana Shee hakucheka. Alikuwa ameinamia karatasi.

"Mia na sabini na nne naikumbuka, siku ile ilinyesha. Na hii mia na themanini na tisa ya nini?"

Nilitamani mvua ile inyeshe tena. "Nilidhani mizani yako ni nyepesi, Bwana Shee. Nikaongeza."

Aliikunja karatasi polepole. "Kwa hiyo mimi mwizi, Mwanaesha mchawi, na wewe mnene."

"Ndivyo nilivyodhani."

"Na watatu sote sivyo."

Nilimega mkate, nikachovya, nikala. Kwa desturi ya kule, anayekula mbele ya watu hawezi kuacha kusema karibu, nami nikasema, "Karibuni." Nikaona jinsi macho yalivyokwenda kwenye mkate, kwenye vile vidole vitatu, yakarudi. Hakuna aliyesogea. Kupitia tundu la mlango niliona nguo safi ya Bi Mwanaesha, amesimama nyuma yake. Bwana Shee akaweka kikapu chini.

"Ngoja nionde," akasema, akaketi, akamega pande kubwa kuliko langu.

Kiapo hakikuliwa. Mikate haikwisha kesho yake, wala kesho kutwa. Ilichukua siku nane. Nilikula barazani kila siku baada ya adhuhuri, kila nilichopewa, na kila tonge nililihesabu moyoni kama mtu anayejisomea hukumu. Siku ya tisa ungo ulikuwa mtupu kabla jua halijapanda, nami nikaomba mkate nikaambiwa hakuna. Nilipoondoka, mizani ya Bwana Shee ilisema mia na sabini na tatu. Nikaongeza kumi na tano, kwa mazoea, nikapanda boti nikijua nimeshafutwa kazi.

Daktari alinipandisha mizani, akasogeza kile chuma kidogo huku na huku. Mia na sabini na tatu. Nilimwomba arudie. "Umepita nilipokwambia," akasema. "Uliumwa?" Mizani ya mbata haikuwa imedanganya hata ratili moja. Tangu mwezi wa tano nilikuwa nimemaliza kazi niliyotumwa. Vifurushi vyote kumi na kimoja nilivificha baada ya hapo.

Ijumaa ya arobaini nilikaa na wanaume kwenye mkeka, nje ya nyumba ileile, dua ikasomwa, masinia yakaja. Ghala la Mtangawanda nililikuta limefungwa, Bwana Shee alikwisha tangulia siku nyingi, na hapakuwa na mtu aliyenijua ila Zubeda, ambaye sasa ana miwani na wajukuu. Alikuja mwenyewe na mkate mmoja wa mofa juu ya kisahani, akauweka mbele yangu. Vidole vitatu. Nilimwuliza lile lililonisumbua miaka yote: mama yake alijua tangu lini?

"Tangu siku ya kwanza. Mimi ndimi niliyekuona ukienda gofuni, nikamwambia. Akasema nikitamka nje, atanikata ulimi. Mgeni husitiriwa."

"Hata walipotaka kumwapisha?"

"Hapo nililia. Nikamwambia, mama, sema. Akasema, mwache, atakuya mwenyewe."

Nililigeuza neno hilo. Lilikuwa imani, au mtihani? Alinijua kuliko nilivyojijua, au hakuwa na njia nyingine? Hakukuwa na mtu mwaka ule aliyekuwa na haki ya kunishuku kuliko yeye, na ndiye peke yake ambaye hakunishuku.

"Na kama nisingekuja, Zubeda?"

Alinitazama juu ya miwani yake, kama mtu aliyekuwa ameonywa kwamba nitauliza.

"Hilo hakulisema," akajibu. "Kula, mkate wapoa."